Haki ya Bahati: Historia ya Bahati Nasibu ya Wachezaji Wapya katika NBA

Katika ligi nyingi za soka, za Ulaya na za Afrika Mashariki pia, timu inayoburura mkia huadhibiwa kwa kushushwa daraja, na hofu ya adhabu hiyo huwalazimisha hata walio dhaifu kupigana hadi mchezo wa mwisho. Ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, inayojulikana kwa herufi zake NBA, imejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume. Timu zake, ambazo sasa ni 30, hazipandi wala hazishuki daraja, na ile iliyofanya vibaya husogezwa mbele katika uteuzi wa wachezaji wapya, yaani utaratibu wa kila mwaka ambao timu hupokezana zamu za kuwachagua vijana wanaotaka kuingia ligini. Kijana akishachaguliwa hawezi kujadiliana mkataba na timu nyingine yoyote ya ligi hiyo, isipokuwa haki juu yake iuzwe au ibadilishwe. Tangu mwaka 1985 zamu za kwanza za uteuzi huo zimepangwa kwa bahati nasibu, na tangu mwaka huohuo watu wamebishana iwapo bahati nasibu hiyo ni ya haki.

Mabishano hayo hayawezi kukatwa kwa kuitazama kanuni ya leo peke yake, kwa kuwa kila kipengele chake kiliwekwa kujibu lawama iliyozaliwa na kanuni iliyotangulia. Tangu mwanzo ligi imejaribu kutimiza ahadi mbili zisizopatana: kumwinua aliye dhaifu, na kutomzawadia anayekubali kushindwa kwa makusudi. Kila ilipoongeza uzito upande mmoja, ilipunguza upande wa pili, na katika kupimana huko mchezaji mwenyewe, ambaye ndiye anayegawanywa, kwa muda mrefu hakuhesabiwa kabisa.

Wazo la kuwagawa wachezaji wapya kwa kuanza na timu dhaifu halikutoka katika mpira wa kikapu. Mwaka 1935 Bert Bell, mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles ya kandanda ya Kimarekani, aliwashawishi wamiliki wenzake wakubali utaratibu huo, kwa hoja kwamba timu tajiri zilikuwa zikiwanyakua vijana bora wa vyuo vikuu mwaka baada ya mwaka, na kwamba ligi isiyo na ushindani ingewakosa watazamaji. Uteuzi wa kwanza wa aina hiyo ulifanyika Philadelphia mwaka 1936. Ligi ya mpira wa kikapu iliyoanzishwa mwaka 1946, ambayo mwaka 1949 iliungana na ligi nyingine na kuchukua jina la NBA, iliiga utaratibu huo mwaka 1947. Hoja ya usawa ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa na faida ya pili ambayo wamiliki hawakuhitaji kuitangaza, kwamba kijana aliyekuwa na mnunuzi mmoja tu hakuweza kupandisha bei yake.

Katika miaka hiyo ya mwanzo usawa wenyewe uliwekewa ubaguzi. Timu zilitegemea mapato ya mlangoni, na wanafunzi waliokuwa mashuhuri katika vyuo vya mji fulani walikuwa na wapenzi wao katika mji huo. Kwa hiyo timu iliruhusiwa kuacha zamu yake ya kwanza na kumchukua mchezaji wa eneo lake, yaani aliyekuwa ndani ya maili 50, takriban kilomita 80, kutoka uwanja wake wa nyumbani. Kwa kanuni hiyo Oscar Robertson, aliyesoma Chuo Kikuu cha Cincinnati, alichukuliwa na Cincinnati Royals mwaka 1960. Mwaka mmoja kabla yake Philadelphia Warriors walimdai Wilt Chamberlain kwa sababu alisoma sekondari Philadelphia, ingawa chuo kikuu alichochezea kilikuwa Kansas. Kanuni ya eneo iliinufaisha timu iliyobahatika kuwa jirani wa chuo chenye vipaji, iwe dhaifu au imara, na ilifutwa baada ya uteuzi wa mwaka 1965.

Kuanzia mwaka 1966 zamu ya kwanza iligombewa na timu mbili zilizoshika mkia, moja kutoka kila kanda ya ligi, na mshindi alipatikana kwa kurusha sarafu. Athari ya utaratibu huo ilionekana wazi mwaka 1969, pale Phoenix Suns na Milwaukee Bucks, timu zilizoanza kucheza mwaka uliotangulia, ziliposubiri sarafu iamue nani atampata Lew Alcindor, ambaye baadaye alijulikana kama Kareem Abdul-Jabbar. Phoenix, iliyokuwa dhaifu zaidi kwa kushinda michezo 16 tu kati ya 82, ilichagua upande wa kichwa, na sarafu ikaangukia upande wa pili. Milwaukee ilipanda kutoka ushindi wa michezo 27 hadi 56 katika msimu mmoja, ikatwaa ubingwa mwaka 1971, ilhali Phoenix haikuwa imetwaa ubingwa wowote hadi mwisho wa msimu wa 2024-25. Katika mchezo unaochezwa na watu watano kila upande, mtu mmoja wa kiwango hicho hubadilisha hatima ya timu kuliko ilivyo katika soka au kandanda ya Kimarekani, na ndiyo sababu mabishano juu ya zamu ya kwanza yamekuwa makali zaidi katika mpira wa kikapu.

Kasoro nyingine ilitokana na kuruhusu zamu zibadilishwe au zitolewe kama fidia kabla haijajulikana zitakuwa na thamani gani. Mwaka 1979 Los Angeles Lakers, timu iliyokuwa imeshinda michezo 47, ilirusha sarafu dhidi ya Chicago Bulls kwa kutumia zamu ya New Orleans Jazz, ambayo iliipata kama fidia baada ya mchezaji wake Gail Goodrich kuhamia huko mwaka 1976. Lakers ilishinda, ikamchukua Magic Johnson, na ikatwaa ubingwa mara tano katika miaka ya 1980. Msaada uliokusudiwa kwa mnyonge ulikuwa umeishia mikononi mwa mwenye nguvu bila kanuni yoyote kuvunjwa.

Hata hivyo, kilichoiangusha sarafu ni shaka iliyoielekea Houston Rockets. Timu hiyo ilishinda sarafu ya mwaka 1983 na kumchukua Ralph Sampson, kisha msimu uliofuata ikashindwa katika michezo mingi ya mwisho kwa namna iliyowafanya wengi waamini kwamba haikutaka kushinda; katika mmoja wa michezo hiyo Elvin Hayes, mchezaji wa miaka 38 aliyekuwa akikaribia kustaafu, aliachwa uwanjani dakika zote 53 za mchezo ulioongezwa muda. Houston ilishinda sarafu kwa mara ya pili mfululizo na kumchukua Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos aliyesoma katika mji huohuo wa Houston. Kushindwa kwa makusudi kwa namna hii si sawa na kuuza mechi kwa rushwa, kwa maana wachezaji hucheza kwa bidii na hakuna anayepokea fedha. Ni uongozi unaopanga kikosi dhaifu, unaowapumzisha walio bora na kuwauza wenye uzoefu, ili kushindwa kuje kwenyewe. Lakini mtazamaji aliyenunua tiketi hupata hasara ileile, kwa sababu mchezo aliolipia umeamuliwa ofisini kabla haujaanza.

Jibu la wamiliki, walilolipitisha mwaka 1984 chini ya kamishna mpya David Stern, lilikuwa kuondoa kabisa faida ya kuwa wa mwisho. Tarehe 12 Mei 1985, katika hoteli ya Waldorf Astoria jijini New York, bahasha saba za timu saba zilizokosa hatua ya mtoano ziliwekwa katika chombo cha uwazi, kila moja ikiwa na nafasi sawa, na Stern akazitoa kwa mkono. New York Knicks ilipata zamu ya kwanza na kumchukua Patrick Ewing, wakati Golden State Warriors, iliyokuwa na ushindi mchache kuliko wote pamoja na Indiana Pacers, iliangukia zamu ya saba. Kwa kuwa New York ni soko kubwa kuliko yote ya ligi hiyo, ilizuka dhana kwamba bahasha yake ilipozwa kwenye barafu au ilikunjwa pembe ili itambulike. Dhana hiyo haijawahi kuthibitishwa, lakini iliacha fundisho ambalo ligi ililizingatia baadaye, kwamba bahati nasibu isiyoweza kukaguliwa haitaaminiwa hata ikiwa safi.

Usawa kamili wa mwaka 1985 ulikuwa umetimiza ahadi ya pili kwa kuiua ya kwanza, na marekebisho yaliyofuata yalirudi nyuma hatua kwa hatua. Kuanzia mwaka 1987 bahati nasibu ilihusu zamu tatu za kwanza tu, na zilizobaki zikafuata mpangilio wa udhaifu, hivyo timu ya mwisho haikuweza kushuka chini ya zamu ya nne. Mwaka 1990, timu zilizokosa mtoano zilipokuwa 11, uzito ulianza kutolewa: iliyo dhaifu kuliko zote ilipewa nafasi 11 kati ya 66, inayofuata 10, hadi iliyo bora yao iliyopewa nafasi moja tu. Miaka mitatu baadaye nafasi hiyo moja ilishinda. Orlando Magic, iliyokuwa imempata Shaquille O'Neal kwa zamu ya kwanza ya mwaka 1992 na iliyoshinda michezo 41 na kupoteza 41, ilipata zamu ya kwanza tena mwaka 1993. Ligi iliona kwamba imewanyima wanyonge kupita kiasi, ikabadilisha kanuni kabla ya uteuzi uliofuata.

Utaratibu wa mwaka 1994 ndio uliozaa mashine inayotumika hadi leo. Vipira 14 vya tenisi ya mezani, vyenye namba 1 hadi 14, huchanganywa ndani ya chombo na vinne hutolewa kimoja kimoja. Bila kujali mpangilio, namba nne kati ya 14 zinaweza kukutana kwa njia 1001. Njia moja, ile ya 11, 12, 13 na 14, haigawiwi kwa yeyote, na njia 1000 zilizobaki hugawanywa kwa timu kulingana na udhaifu wao. Kwa hesabu hiyo timu ya mwisho ilipewa njia 250, yaani asilimia 25 ya nafasi ya kupata zamu ya kwanza. Droo hufanyika katika chumba kilichofungwa, mbele ya wawakilishi wa timu, wakaguzi wa hesabu na waandishi wa habari wachache ambao hunyang'anywa simu, na matokeo hutangazwa kwenye televisheni baadaye. Kama swali la haki lingehusu droo yenyewe peke yake, lingekuwa limejibiwa hapo, kwa kuwa kila timu inajua uzito wake mapema na kila hatua ina shahidi.

Lakini droo safi haileti mgawanyo wenye busara kila mara. Mwaka 1997 San Antonio Spurs, iliyoanguka kwa msimu mmoja baada ya nyota wake David Robinson kuumia na kucheza michezo sita tu, ilipata zamu ya kwanza, ikamchukua Tim Duncan na kutwaa naye ubingwa mara tano. Mwaka 2008 Chicago Bulls ilishinda ikiwa na asilimia 1.7 ya nafasi, na Cleveland Cavaliers ikafanya hivyo kwa asilimia hiyohiyo mwaka 2014, ikiwa ni ushindi wake wa tatu katika miaka minne.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wa karibu zaidi katika uteuzi wa mwaka 2009. Sacramento Kings, iliyoshinda michezo 17 tu, ilisukumwa hadi zamu ya nne, na Memphis Grizzlies, iliyoshinda michezo 24, ikapanda hadi ya pili na kumchagua Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Kijana huyo mrefu aliyetoka Chuo Kikuu cha Connecticut alibeba matarajio ya zamu ambayo hakuiomba: aliyechaguliwa wa tatu alikuwa James Harden, na wa saba Stephen Curry, aliyekuja kuipa Golden State ubingwa mara nne. Thabeet alipodumu kwa misimu michache tu, hukumu ilitolewa juu yake kuliko juu ya waliomchagua, ingawa wao ndio waliokuwa na uhuru wa kuchagua na yeye hakuwa nao. Mwaka 1991 ilikuwa kinyume chake: Denver Nuggets, timu ya mwisho ya msimu huo, ilianguka hadi zamu ya nne, ikampata Dikembe Mutombo wa Kinshasa, mmoja wa walinzi wa kikapu hodari kuliko wote katika historia ya mchezo huo. Vivyo hivyo Milwaukee ilimpata Giannis Antetokounmpo kwa zamu ya 15 mwaka 2013, na Denver ikampata Nikola Jokić kwa zamu ya 41 mwaka 2014. Bahati nasibu hugawa zamu. Jicho la kuona kipaji na subira ya kukikuza hubaki kuwa kazi ya timu yenyewe.

Asilimia 25 za mwaka 1994 zilirudisha kishawishi cha zamani, na Philadelphia 76ers ndiyo iliyokifuata bila kificho. Chini ya meneja Sam Hinkie, timu hiyo iliuza wachezaji wenye uzoefu na kukusanya zamu, na katika misimu mitatu, kuanzia 2013-14 hadi 2015-16, ilishinda michezo 19, 18 na 10, jumla 47 kati ya 246. Watetezi wake walisema kwamba ilifuata tu mantiki ya kanuni iliyowekwa na ligi, na hoja hiyo ni ya kweli, kwa kuwa kosa la kanuni haliwezi kutwishwa anayeitii. Hata hivyo, wenyeji wa Philadelphia waliuziwa tiketi za timu iliyokuwa imekata shauri la kushindwa, na hadi mwaka 2025 mpango huo haukuwa umeifikisha timu hata kwenye fainali ya kanda, licha ya kumpata Joel Embiid wa Kamerun. Oktoba 2014 pendekezo la kupunguza faida ya timu za mwisho liliungwa mkono na timu 17 na kupingwa na 13, likaanguka kwa sababu lilihitaji kura 23. Timu za miji midogo ziliogopa kupoteza njia pekee ya kupata nyota ambaye kwa hiari yake asingehamia kwao.

Septemba 2017, chini ya kamishna Adam Silver, marekebisho yalipita kwa kura 28 dhidi ya moja, huku timu moja ikijizuia kupiga kura. Tangu uteuzi wa mwaka 2019 timu tatu za mwisho zina nafasi sawa ya asilimia 14 kila moja, zamu nne za kwanza hupangwa kwa droo, na timu ya mwisho kabisa inaweza kushuka hadi zamu ya tano, jambo ambalo kwa hesabu lina uwezekano wa asilimia 47.9. Katika droo saba za mwaka 2019 hadi 2025, timu ya mwisho haikupata zamu ya kwanza hata mara moja. Detroit Pistons ilikuwa ya mwisho mwaka 2023 na 2024, ikaangukia zamu ya tano mara zote mbili. Katika msimu wa 2023-24 ilipoteza michezo 28 mfululizo, ingawa ilikuwa imeajiri mmoja wa makocha waliolipwa zaidi katika historia ya ligi, kitendo ambacho si cha timu iliyotaka kushindwa. Kwa upande mwingine, mwaka 2025 Dallas Mavericks, iliyomtoa nyota wake Luka Dončić miezi michache kabla, ilimpata Cooper Flagg ikiwa na asilimia 1.8. Kanuni hii humwadhibu mnyonge wa kweli pamoja na mnyonge wa kujifanya, kwa sababu jedwali la matokeo haliwezi kuwatofautisha.

Na kishawishi hakikufa, kilihamia mahali pengine. Aprili 2023 Dallas ilitozwa faini ya dola 750,000 kwa kuwapumzisha wachezaji wake muhimu ikiwa bado na nafasi ya kuingia hatua ya mchujo, kwa kuwa zamu yake ingehamia timu nyingine kama ingeshuka chini ya 10. Faini ya kiasi hicho ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya mchezaji mmoja bora.

Thamani hiyo inatokana na upande wa historia unaosahauliwa mara nyingi katika mabishano haya, yaani upande wa mchezaji. Oscar Robertson, yuleyule aliyechukuliwa kwa kanuni ya eneo, alipokuwa rais wa chama cha wachezaji aliongoza kesi iliyofunguliwa mwaka 1970 kupinga vifungo vilivyomfunga mchezaji kwa timu moja, ukiwamo uteuzi wenyewe, na suluhu ya mwaka 1976 ilifungua njia ya wachezaji kuhama mikataba yao inapoisha. Uteuzi ulibaki, na mwaka 1987, katika kesi ya Leon Wood, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilisema kwamba ulikuwa halali kwa sababu ulikubaliwa katika mkataba wa pamoja, yaani makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji. Mwaka 1994 Glenn Robinson, aliyechaguliwa wa kwanza, aliweza bado kudai na kupata mkataba wa dola milioni 68 kwa miaka kumi. Mwaka uliofuata makubaliano mapya yaliweka viwango maalumu vya mishahara ya wanaoingia. Wazee wa chama waliokubali viwango hivyo walikuwa wakilinda mishahara yao, na vijana waliofungwa navyo hawakuwa na kura katika chama ambacho walikuwa hawajajiunga nacho. Kwa hiyo zamu ya kwanza ikawa haki ya kupata kazi ya nyota kwa bei iliyo chini ya thamani yake kwa miaka kadhaa, na kadiri tofauti hiyo ilivyokua, ndivyo sababu ya kuisaka kwa kushindwa ilivyokua nayo.

Zipo njia nyingine zilizopendekezwa au kujaribiwa. Mwaka 2013 Mike Zarren wa Boston Celtics alipendekeza gurudumu la miaka 30, ambalo kila timu ingepata kila zamu mara moja bila kujali matokeo. Lingefuta kishawishi chote, lakini lingeweza kumpa bingwa zamu ya kwanza. Ligi ya wanawake ya WNBA hupima udhaifu kwa matokeo ya misimu miwili, ili msimu mmoja wa kujitupa usitoshe. Ligi mpya ya wanawake ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini hupanga zamu kwa pointi ambazo timu inazipata baada ya kupoteza matumaini ya mtoano, na hapo anayetaka zamu ya mbele hulazimika kushinda.

Ikipimwa kama droo, bahati nasibu ya NBA ni ya haki, kwa kuwa ni ya wazi, uzito wake unajulikana na hakuna aliyethibitishwa kuichezea. Ikipimwa kama mgawanyo, si ya haki, kwa sababu haimtambui aliye dhaifu kwa kweli, na kwa sababu imejengwa juu ya uteuzi unaomnyima kijana kauli juu ya mji atakaofanyia kazi na ujira atakaolipwa. Marekebisho ya miaka 40 yamehangaika na asilimia za vipira wakati tatizo limo katika zawadi yenyewe. Wamiliki wakitaka kweli kuondoa faida ya kushindwa, na waanze kwa kuwalipa wachezaji wapya thamani yao halisi, kisha wahesabu udhaifu kwa namna inayodai ushindi hadi siku ya mwisho ya msimu, kwa maana mtazamaji anayelipa kiingilio anastahili kuona timu mbili zinazotaka kushinda.